Kombe Halimlei Mwanao

Msimu wa kutafuta shule ukifika, wazazi wenye wavulana huambizana jambo moja kwa uhakika usiotikisika. Mmoja anauliza kwenye kundi la WhatsApp ampeleke wapi kijana wake kati ya shule mbili za binafsi zinazojulikana, na jibu halikawii: mpeleke ile iliyowabwaga wenzao mwaka huu, maana shule inayoshinda ina nidhamu. Mwingine anaongeza kwamba raga humtoa mtoto uoga. Wa tatu, aliyesoma hukohuko miaka ya tisini, anatuma picha ya kombe. Mjadala umekwisha. Hakuna aliyeuliza kijana mwenyewe anapenda nini, wala ni walimu wangapi wameondoka tangu Januari, wala ni nani anayelala karibu na bweni usiku.

Fikra hiyo naipinga yote, kuanzia mzizi wake. Michezo ya shule naipenda. Nikipita nikasikia ngoma za mashabiki upande wa pili wa ua, nasimamisha gari. Ninachokataa ni dai kwamba matokeo ya mechi kati ya watani wa jadi yanamwonyesha mzazi mahali mwanawe atakapolelewa vizuri. Hayamwonyeshi. Mara nyingine yanamfumba macho asione yale ambayo angetakiwa kuyaona kwanza.

Tuanze na asili yake, kwa sababu wengi tunadhani ni hekima ya siku zote. Fikra hii ilizaliwa Uingereza, katika shule za bweni za wavulana ambazo zilikuwa za wenye nazo na hadi leo ni za wenye nazo. Watani wanaojulikana kuliko wote huko ni Eton, iliyoanzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440, na Harrow, iliyopata hati yake mwaka 1572. Mechi yao ya kriketi ya mwaka 1805 katika uwanja wa Lord's, London, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa utani huo. Katika kikosi cha Harrow siku hiyo alikuwamo kijana wa miaka 17, mwenye mguu ulioumbika vibaya, ambaye baadaye alikuwa mshairi mashuhuri: Byron. Harrow walichapwa. Byron akamwandikia rafiki yake barua akisema kwamba alipata mikimbio 11 katika zamu ya kwanza na 7 katika ya pili. Kumbukumbu za mechi zinampa 7 na 2. Tunaambiwa mechi hizi hufunza wavulana ukweli na moyo wa kukubali kushindwa. Ya kwanza kabisa ilimwacha kijana na hesabu ya uongo mkononi.

Kisha kuna ule msemo unaopendwa na walimu wakuu siku ya kugawa zawadi, kwamba ushindi wa Waterloo ulipatikana katika viwanja vya michezo vya Eton. Husemwa kuwa ni maneno ya Duke wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon. Wellington alisoma Eton kati ya mwaka 1781 na 1784. Hakuipenda shule, hakung'ara kwa lolote, na siku zile michezo ya kupangwa na shule haikuwapo. Alifariki mwaka 1852. Madai kwamba alisema hivyo yalianza kusambaa baada ya kifo chake, kwa kalamu ya Mfaransa aitwaye Montalembert, wakati mwenyewe hayupo tena kuyakana. Hata Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, anayetajwa kama baba wa malezi kwa njia ya michezo, hakuwa mtu wa michezo. Aliyoyajali ni dini, maadili na madaraka ya viranja. Waliomvisha jezi ni waliomfuata, na kati yao mwanafunzi wake Thomas Hughes, aliyetoa riwaya ya Tom Brown's School Days mwaka 1857.

Wakoloni walipojenga shule za watoto wao hapa Kenya, walizijenga kwa ramani hiyohiyo. Prince of Wales School ilifunguliwa Kabete mwaka 1931, majengo yake yakichorwa na Herbert Baker, msanifu yuleyule aliyechora majengo ya serikali ya Pretoria. Duke of York School ikafuata mwaka 1949. Shule mbili za wavulana wa Kizungu, mji mmoja, raga katikati yao. Uhuru ulipokuja zikawa Nairobi School na Lenana School, shule za serikali zenye watoto kutoka kila pembe ya nchi, lakini utani ukabaki vilevile, na shule za binafsi za wavulana zikauiga: rangi, nyimbo, tai za waliosoma hapo zamani, na ile mechi moja ya mwaka ambayo haifai kupotezwa.

Kitu hakiwi kibaya kwa sababu kililetwa na meli. Raga ni mchezo mzuri na vijana wetu wameufanya wao. Lakini pamoja na mpira tulipokea hadithi iliyosimuliwa kuhusu mpira, na hadithi hiyo haikuwa ya kweli hata huko ilikotoka.

Sasa tuangalie kombe linavyopatikana, maana hapa ndipo mzazi anapopotoshwa zaidi. Anapoliona kabatini, anafikiri: hawa wanajua kumchukua mtoto wa kawaida na kumfanya bingwa. Aliyewahi kukaa karibu na kocha wa shule yenye pesa anajua kinachotokea. Kocha anazunguka mashindano ya watoto wadogo, anaingia kwenye akademia za mtaani, anapigiwa simu na mwalimu wa huko Kakamega au Busia kwamba kuna kijana ana mguu. Anakwenda kumwona. Anazungumza na mama yake. Karo inafutwa, sare zinanunuliwa, na muhula unaofuata kijana yuko kikosini, tayari amekomaa, tayari anajua kazi. Kocha huyo anavuna shamba ambalo wengine walilima. Mwalimu wa shule ya msingi aliyemfundisha mtoto kupiga pasi kwa mpira wa makaratasi hatajwi popote siku ya kombe.

Kwa hiyo ushindi unaonyesha nini? Unaonyesha kwamba shule ina bajeti na ina macho ya mbali. Hayo ni mambo ya kweli, lakini hayahusiani na kijana wako wa miaka 14, mnene kidogo, anayependa mpira wa vikapu na anayeogopa kupiga kelele mbele ya watu. Yeye hataingia katika hesabu ile. Na pale ambapo shauku ya kombe imezidi, hata uvunaji hautoshi: mashirikisho ya michezo ya shule, Kenya na Uganda pia, yamelazimika mara kwa mara kuziadhibu shule kwa kuchezesha vijana waliopita umri au wasiokuwa wanafunzi halali. Shule inayodanganya umri wa mchezaji inamfundisha nini yule mtoto anayeketi naye darasani na anayejua ukweli wote?

Fanya hesabu mwenyewe. Kikosi cha raga cha siku ya mechi ni wachezaji 23. Ongeza wa mpira wa miguu, wa magongo, wa vikapu, wa voliboli, uwe mkarimu, ufikishe 100. Katika shule ya wavulana 800, waliobaki 700 wanafanya nini saa kumi jioni? Hili ndilo swali, na kombe halilijibu.

Nililiuliza wakati mmoja, pembeni mwa uwanja wa shule mojawapo ya wavulana nje kidogo ya Nairobi, siku ya mechi kubwa. Wanafunzi walikuwa wamepangwa kwenye mteremko kwa madarasa, wadogo chini, wakubwa juu, wote wanaimba. Karibu nami alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza ameshika ngoma iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, vidole vyake vimechubuka. Nikamuuliza yeye anacheza nini.

"Sichezi, mzee. Mimi ni wa kushangilia."

"Na siku za wiki, mkitoka darasani?"

"Tunafanya mazoezi ya nyimbo."

"Hamchezi kabisa?"

"Kiwanja ni cha timu. Sisi hatukikanyagi hadi muhula wa tatu."

Alisema hivyo bila kinyongo, kana kwamba ananieleza ratiba ya chakula. Kiwanja kile kilikuwa kizuri kuliko viwanja vingi vya kaunti. Nyasi zake zilikatwa kwa mashine na kumwagiliwa hata kiangazi, kwa karo ya mzazi wake. Timu ilishinda jioni ile. Bila shaka picha ilitumwa kwenye kundi.

Watetezi wa utani wa jadi wanasema huyo wa ngoma naye ananufaika: anajifunza kuwa sehemu ya kitu kikubwa, anapata undugu utakaomfaa maisha yote. Undugu huo upo, siukatai. Nimeona wanaume wa miaka hamsini wakikumbatiana kwa sababu ya rangi ya tai. Lakini undugu unaojengwa juu ya jina la shule una upande mwingine ambao mzazi haelezwi, nao ni kwamba jina likishakuwa kubwa, kulisema vibaya kunakuwa usaliti.

Kuna mji ambao huchagua shule za wavulana kwa kombe la raga kuliko hata sisi: Dublin. Kombe la shule za mkoa wa Leinster lilianza mwaka 1887. Blackrock College ilishinda la kwanza, na tangu hapo imeshinda zaidi ya mara 60. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1860 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na lililoanzisha St. Mary's School ya Nairobi mwaka 1939. Tamasha la raga la shule linaloandaliwa St. Mary's linaitwa Blackrock. Kwa hiyo tunapozungumza habari za Dublin, tunazungumza habari za jamaa.

Mwezi wa Novemba 2022 redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilitangaza simulizi ya ndugu wawili waliosoma Blackrock. Wote wawili walidhulumiwa kingono na mapadre utotoni, katika eneo la shule, na kwa miaka mingi kila mmoja hakujua kwamba mwenzake naye alipitia hayo. Baada ya kipindi hicho watu walianza kujitokeza kwa wingi, shirika likaomba radhi hadharani, na serikali ikaunda uchunguzi wa awali kuhusu shule zote zilizoendeshwa na mashirika ya kidini. Ripoti ilitoka Septemba 2024: tuhuma 2,395, katika shule 308, dhidi ya watu 884.

Shule hizo ni za kila aina. Nyingi hazina habari na raga, na mpira haukumdhulumu mtoto yeyote. Wala simnyooshei kidole mtu yeyote wa hapa. Hoja yangu ni kwamba miaka ile yote makombe yalikuwa yakiingia kabatini Blackrock, wazazi wakiyatazama na kusema hapa watoto wanalelewa. Kombe halikuwaambia lolote. Na mtoto wa miaka 13, katika shule ambayo baba yake alisoma, ambayo mji mzima unaijua kwa nyimbo zake, atamwendea nani kusema kwamba kuna jambo baya linatendeka? Mwenye kutaka kumlinda mwanawe lazima aulize habari za ulinzi wenyewe: nani ana funguo za bweni, mtoto akitaka kulalamika anamwendea nani ambaye si mwalimu wa nyumba yake, mara ya mwisho mtumishi alipofukuzwa kwa kumgusa mwanafunzi wazazi waliarifiwa vipi. Mwalimu mkuu mzuri hachukizwi na maswali haya.

Kitu kingine ambacho utani wa jadi hutufanyia ni kutuaminisha kwamba tunachagua kati ya vitu viwili tofauti. Chukua shule mbili zenye uhasimu mkali, uzivue jezi. Karo zao zinakaribiana. Mtihani ni uleule. Walimu wanahama kutoka hii kwenda ile na kurudi. Wazazi wa pande zote mbili wanakutana benki, kanisani, kwenye harusi na kwenye vikao vya makampuni. Yanayozitenganisha ni rangi na wimbo. Mechi ya mwaka inazifanya zionekane kama mashariki na magharibi, na mzazi analala akifikiria uamuzi mzito alio nao, kumbe kulia na kushoto kwake ni mlango wa nyumba moja. Na wakati huohuo shule nyingine zote zimetoka kwenye hesabu: ile ya kutwa iliyo dakika 20 kutoka nyumbani, ambako kijana angekula chakula cha jioni na wazazi wake, ile ndogo yenye mwalimu wa muziki anayependwa, ile ya mchanganyiko ambako angejifunza mapema kuzungumza na msichana kama mwenzake. Hakuna anayezitaja, kwa sababu hazina mtani.

Ndiyo maana nasema mechi hiyo ni tangazo la shule zote mbili. Anayefungwa hapotezi chochote. Mwaka 1910 huko Lord's, Harrow walihitaji mikimbio 55 tu kuwamaliza Eton. Wakatolewa wote kwa 45, kijana mmoja wa Eton aitwaye Robert Fowler akichukua wiketi 8 kwa mikimbio 23. Waingereza wameisimulia mechi hiyo kwa zaidi ya karne. Harrow haikufungwa milango. Leo hii bado ina foleni ya wanaotaka kuingia. Na katika kikosi kile kilichoaibika alikuwamo Harold Alexander, ambaye katika Vita vya Pili vya Dunia aliongoza majeshi ya washirika nchini Italia. Mzazi aliyemtoa mwanawe Harrow kwa sababu ya jioni ile angekuwa ameonyeshwa kitu gani na ubao wa matokeo?

Mwaka 2022 klabu ya MCC, yenye uwanja wa Lord's, ilitangaza kwamba mechi ya Eton na Harrow haitachezwa tena pale, ili nafasi itolewe kwa wengine wasiowahi kuufikia uwanja huo. Wanachama wakaja juu. Mwaka uliofuata klabu ikarudi nyuma na mechi ikabakizwa. Waliopigana katika ugomvi ule walikuwa watu wazima. Ukiangalia vizuri hata huku kwetu, utaona kwamba utani wa jadi unamilikiwa na waliokwisha kumaliza shule miaka 30 iliyopita. Wao ndio wanaotaka ushindi, wao ndio wanaochanga, wao ndio wanaomtikisa kocha. Mtoto amekabidhiwa deni la furaha yao.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na inastahili kujibiwa kwa makini. Kuna vijana wasio na uwezo ambao wameingia shule za karo kubwa kwa sababu ya miguu na mikono yao tu. Bila mashindano wasingeona maabara wala maktaba ile. Wengine wamefika vyuo vikuu, wengine wameinua nyumba nzima. Nikisema tuache kuhesabu makombe, je, sifungi mlango huo?

Mlango huo ubaki wazi, lakini tuangalie umeandikwaje. Niliwahi kuonyeshwa na mzazi mmoja barua ya ufadhili wa kijana wake, mchezaji wa raga. Jina la shule silitaji. Aya ya pili ilisema kwamba ufadhili utapitiwa upya kila muhula kwa kuzingatia mchango wa mwanafunzi katika timu. Maana yake ni kwamba goti likipasuka mwezi wa Machi, mwezi wa Mei kijana anaweza kurudishwa kijijini akiwa ameshahama mtaala wake, ameshaacha marafiki zake, na mguu hauna wa kuutibu. Mama yake alikuwa amesaini. Angefanyaje? Hakuna aliyemsomea.

Huo si msaada, ni mkataba wa kibarua aliyevishwa sare ya mwanafunzi. Shule inayompenda kijana huyo kama inavyodai imwandikie kwamba akishaingia, amekuwa wao hadi mtihani wa mwisho, acheze asicheze, na kwamba akiumia uwanjani matibabu ni juu yao. Shule itakayofanya hivyo nitaisifu hadharani hata ikifungwa kila Jumamosi. Na wazazi tunaolipa karo kamili tuulize habari hiyo, kwa sababu jinsi shule inavyomtendea mtoto wa ufadhili baada ya goti kupasuka inatuambia itakavyowatendea wa kwetu watakapokuwa hawana faida kwake.

Hapo mtu ataniletea Iten. Ataniambia: St. Patrick's je? Shule ya wavulana, mabingwa wa dunia kwa makumi, hiyo nayo hailei?

Nafurahi kuulizwa. Bruda Colm O'Connell alifika St. Patrick's kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, hana ujuzi wowote wa ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Peter Rono aliyekuwa mwanafunzi pale alichukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Matthew Birir akachukua ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akiikimbilia Denmark. Lakini kinachonivutia zaidi ni yale Bruda Colm aliyoyafanya nje ya geti. Alianzisha kambi za likizo zilizowapokea vijana wa shule yoyote, wasichana wakiwemo, na mmoja aliyepita mikononi mwake, Janeth Jepkosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, hakuwa mwanafunzi wa St. Patrick's. Alisoma Kimuron, shule jirani hapohapo Iten. Bruda Colm alimfundisha hivyohivyo. Hakumwambia kwanza avae rangi zetu.

Angalia kilichomo ndani ya mfano huo: mwalimu mmoja aliyekaa mahali pamoja miaka zaidi ya 40, aliyewajua vijana kwa majina na kwa hatua zao, na ambaye hakujali kijana anatoka upande gani wa ua. Uhasimu haukuwa injini yake. Kama mfano wa Iten unamfundisha mzazi kitu, ni kumtafuta mwalimu wa namna hiyo, na mwalimu haonekani kabatini. Anaonekana ukiuliza amekuwapo tangu lini, waliomtangulia waliondoka kwa nini, na vijana wasio na kipaji wanasema nini juu yake.

Jambo hili lina uzito mpya sasa. Tangu Januari 2026 vijana wa Kenya wanaingia gredi ya 10 kwa mikondo, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Michezo imekuwa somo lenye njia yake hadi mwisho wa shule ya upili. Shule za binafsi zitawaonyesha wazazi makombe kama ushahidi kwamba ziko tayari. Kombe la raga halifundishi jinsi misuli inavyofanya kazi, halifundishi uamuzi wa mchezo, huduma ya kwanza wala usimamizi wa klabu. Muulizeni mwalimu mkuu nani atafundisha mkondo huo, ana shahada au stashahada gani, na wanafunzi wangapi watagawana vifaa vilivyopo. Akiwapeleka kwenye kabati, mrudisheni kwenye swali.

Na kama mnaweza, msiende siku ya wazazi, wakati nyasi zimepakwa chokaa na viranja wamepangwa getini. Ombeni kwenda Jumatano, saa kumi jioni, wiki isiyo na mechi. Kaeni pembeni mwa viwanja vyote, sio kile kikuu pekee. Hesabuni wavulana waliovaa viatu vya mchezo, kisha hesabuni waliosimama kwenye ukuta. Ulizeni ni lini mara ya mwisho gredi ya 10 walicheza wao kwa wao, bweni kwa bweni, wanene kwa wembamba, bila kocha mkuu kuwatazama. Kisha mwombeni mvulana mmoja aliye ukutani, yeyote yule, awatembeze shuleni badala ya kiranja aliyeandaliwa, na mumsikilize hadi amalize.